Wanga wa Muhogo na Majoho ya Kwaya

Jumatatu, 6 Mei
Habari njema! Kwaya ya kanisa letu hapa Kansanga inataka majoho mapya ya Pentekoste. Nelima, kiongozi wa kwaya, atakuja Alhamisi kuangalia vitambaa: vyangu na vya Mama Bénit, Mkongo wa duka la jirani. Nelima! Nikipata kazi hii, huenda siku moja akanisalimu kwa jina. Tatizo ni dogo tu. Pamba yangu ni nyembamba. Ukiiinua juu, unamwona mtu wa ng'ambo ya barabara, na kofia yake.

Jumanne, 7 Mei
Dawa imepatikana. Wanga! Nimekoroga unga wa muhogo, nimechovya jora zima, nimeanika, nimepiga pasi. Ajabu. Kitambaa kizito, kinang'aa, kinasimama chenyewe kama askari wa zamu. Mama Bénit naye kalowesha vyake kwenye beseni kutwa nzima. Nilimwuliza kwa nini anaharibu mali. Akasema pamba lazima isinyae, basi heri isinyae kwake kuliko mwilini mwa mteja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu anafupisha bidhaa zake mwenyewe!

Alhamisi, 9 Mei
Ushindi. Nelima alishika cha Mama Bénit: laini, hakina mng'ao. Akashika changu. Kikalia kakara kakara! Akasema hiki ndicho kitambaa cha heshima. Akaniita kaka Wandera! Mama Bénit alinipongeza kwa upole. Jambo hilo liliniudhi.

Jumatano, 15 Mei
Muhamadi fundi ananisumbua. Kavunja sindano tatu, anadai anashona mlango. Anataka kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Kifuliwe! Nimemkataza kabisa.

Jumapili, 19 Mei
Siku mbaya. Kutoka darasani kwaya ilikovalia hadi kanisani ni hatua mia tu, nami niliwafuata nyuma. Mvua ilitukuta katikati. Kwanza majoho yalilegea. Kisha yakateleza. Mabegani ukatoka ute mweupe, harufu ya muhogo ikapanda, na mbuzi wa jirani akaanza kulamba upindo wa Mzee Ochola wa sauti ya nne. Mzee aliendelea kuimba. Walipofika madhabahuni, fulana yake ya mpira ilisomeka vizuri chini ya joho, jina na namba. Kufikia mahubiri nguo zilianza kukauka. Mikono ya majoho ikasinyaa, ikapanda viwikoni.

Mama Bénit alitoka, akarudi na vitambaa vyake, akawafunika dada wote wa kwaya. Navyo vililowa njiani. Vikabaki vilevile. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nelima hakunipigia kelele. Alikamua mkono wa joho mbele yangu, yakadondoka maji meupe. "Kaka Wandera, hii ni nguo ama ni uji?"

Nilikwenda kukaa benchi la nyuma, peke yangu. Niliona aibu ya kweli.

Jumatatu, 20 Mei
Kazi ya majoho amepewa Mama Bénit. Asubuhi alikuja na chai ya tangawizi, akaketi. Hakunicheka hata kidogo. "Papa Wandera," akasema, "wanga unasimamisha kitambaa, hauongezi uzi. Lete jora lako. Beseni langu ni kubwa, litatutosha sote wawili."

Maneno ya busara. Nimeyatafakari hadi saa sita. Na sasa nimeliona kosa langu: nilichagua kitu kisichopatana na maji. Nta, basi! Nimeyeyusha mishumaa sita, nimepaka kipande kizima. Maji yanaviringika juu yake kama juu ya jani la gimbi. Makoti ya mvua ya waendesha boda! Kampala nzima itanijua. Olal, wa boda hapo mbele, amekubali kulivaa la kwanza. Alitaka kungoja siku ya mvua. Nimemwambia asingoje: alivae kesho saa saba mchana, jua likiwa kali, ili watu waone linavyong'aa.