Vita vya Goti la Bi Sindano na Kochi Limezalo Watu

Enyi wenye magoti, mazima kwa mabovu, sogeeni! Nanyi mnaoinuka kila asubuhi bila kulishukuru paja, nyamazeni kwanza, niwasimulie siku ile Bi Sindano, fundi wa nguo, mjane asiyeamrishwa na mtu, mpunguza suruali za mtaa mzima, alipoingia vitani na kochi.

Goti lake la kulia lilikuwa limetoka kwenye plasta likiwa gumu kama mpini wa jembe. Naye mkwewe, mume wa binti yake, mwenye tumbo tukufu na wema uliopitiliza, alikwisha kutoa hukumu.

"Mama, ukishindwa kusimama mwenyewe leo, unahamia kwetu. Cherehani tutamwachia jirani."

Jirani ndiye mimi. Nilikuwa nimeshaipimia pa kuiweka. Bi Sindano aliposikia neno cherehani, moyo ulimpasuka, lakini hakulia mbele ya mkwe.

Na kochi lenyewe, jamani! Zawadi ya mkwe huyo huyo: fupi, laini, lenye kina cha kutisha. Humo ndimo shujaa alimozama, mguu mbovu kaunyoosha mbele kama malkia anayesubiri kuvishwa kiatu, akijisukuma kwa mikono. Akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa, na mto ukaanguka.

Ndipo akanena dada wa mazoezi aliyetumwa na hospitali. "Mama, mguu uko kule mbele, utakusimamisha vipi? Misuli haisukumi, inavuta tu. Ya nyuma ya paja ikivuta, goti linakunjika. Ya mbele ikivuta, linanyooka. Wewe unakaza yote kwa mpigo, ndiyo maana haliendi huku wala kule."

"Kumbe!" akanguruma Bi Sindano. "Siku zote hizi nimekaza uzi wa juu na wa chini pamoja, halafu nailaumu cherehani!"

Akaliinamia paja lake, akalihutubia kama amiri mbele ya majeshi: "Enyi wa nyuma, mliolala tangu siku ya plasta, vuteni kisigino mpaka kwenye kochi! Nanyi wa mbele, legeeni, msijitie kimbelembele. Zamu yenu yaja!"

Wa nyuma wakavuta. Goti likalia ko!, likakunjika shingo upande, na kisigino kikaburuzika sakafuni mpaka kikagusa kochi. Jasho lilimtiririka. Binti yake akanyoosha mkono amshike; akakatwa jicho, akaurudisha.

"Wa nyuma, achieni! Wa mbele, sasa!"

Wakavuta wa mbele. Paja likatetemeka, springi zikanung'unika, na Bi Sindano akapanda, akapanda, akasimama. Wima! Bila mkono wa mtu! Nilipiga makofi, ingawa kwa uchungu kidogo.

Mkwe, kwa mshangao, akajibwaga kwenye kochi. Likampokea mpaka kifuani. Akajikakamua kuinuka, miguu kainyoosha mbele.

"Kunja kwanza, baba," Bi Sindano akamwambia kwa upole, kisha akachechemea mpaka kwenye cherehani yake, akaanza kukanyaga.

Basi wajukuu wakiwauliza ni nani aliyelishinda kochi, wajibuni bila kusita. Na wakiuliza habari za mkwe, waambieni bado tunamvuta.