Majani Kwanza, Nyama Baadaye

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimerudi Karatu! Miezi mitatu Ufaransa, masomo ya utalii. Mama akauliza kama nimekula. Nikamweleza kuwa Wafaransa hawali, wanaonja. Akaniwekea ugali.

Habari mbaya. Wakati mimi najifunza ustaarabu, Senteu, mchoma nyama wa stendi, amekuwa akimpelekea Angela mishikaki. Mishikaki! Eti anataka kumposa. Angela, ambaye nimempenda tangu sekondari! Mwenye neno la mwisho ni baba yake, Mzee Qamara wa Oldeani. Basi Jumamosi mzee atakula Kifaransa hapa kwetu. Senteu kwisha habari yake.

Jumatano, 7 Mei

Maandalizi. Ufaransa chakula hakirundikwi sahani moja kama kwetu. Kinakuja kimoja kimoja. Siku yangu ya kwanza Lyon, mama mwenyeji aliniletea majani ya saladi na kipande cha mkate. Nikala, nikashukuru, nikapanda kulala na njaa. Kumbe bata yuko jikoni! Walinicheka wiki nzima. Watu hawana adabu.

Jibini nimetengeneza mwenyewe, kwa maziwa ya Ngorongoro. Liko chini ya kitanda. Linanuka vizuri sana, kama la Lyon kabisa. Mama anatafuta panya aliyekufa.

Ameshauri tuwaambie wageni mapema kwamba kuna kuku. Nimemkataza kabisa. Ufaransa hakuna anayetangaza nyama.

Jumamosi, 10 Mei

Wamekuja. Mzee Qamara, mkewe, na Angela ndani ya gauni la kijani. Nikambusu mzee mashavu yote mawili, Kifaransa. Akajifuta kwa kofia.

Nikaleta majani. Mzee akayatazama, akauliza kwa upole kama ng'ombe wetu bado wapo. Wakala kiungwana, wakamaliza. Nikaenda jikoni. Wafaransa hupumzika kati ya sahani na sahani, nami nikapumzika. Kuku alikuwa ndani ya mvinyo wa Dodoma tangu asubuhi, ananukia. Nikasikia sala, kisha amina. Safi, nikadhani wanabariki nyama.

Nikatoka na sinia. Viti vitupu!

Mama akasema mzee ameshukuru kwa chakula, ameiombea nyumba yetu katika hali yake ngumu, ameondoka. Nikamuuliza kwa nini hakuwazuia. Akanikumbusha nani alimkataza kutaja kuku.

Jumapili, 11 Mei

Jana walipotoka kwetu walipitia kwa Senteu. Mbuzi, ndizi na kachumbari, vyote sinia moja. Mshamba yule!

Baada ya misa Angela akanivuta pembeni. Baba yake amekubali posa ya Senteu, maana hawezi kuoza binti kwenye nyumba yenye njaa. Na Angela mwenyewe amefurahi. Alisema hivyo huku anatabasamu, ndilo lililoniuma zaidi. Nimelia, tena sana.

Jioni likaja gunia la mahindi kutoka kwa Mzee Qamara. Msaada! Mama amelipokea.

Alhamisi, 15 Mei

Nimetafakari na kosa nimeligundua. Majani yalikuwa mengi mno, wageni wakashiba.

Angela ana mdogo wake, Selestina, anamaliza chuo mwaka huu. Nimemwalika mzee tena, kwa kisingizio cha kushukuru kwa mahindi. Mvua imeleta konokono wengi shambani, nao Ufaransa ni chakula cha heshima, kwa hiyo safari hii tutaanza na konokono. Wachache tu.

Mama nimemwonya tena. Asithubutu kutaja kuku.