Magari Mawili ya Dizeli na Mama Mkwe Mmoja

Leo nimechekesha soko zima la Lushoto, na sikuwa nimekusudia. Naandika mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana huko wataongeza chumvi. (Chumvi yenyewe imeshatosha.)

Niwape habari kamili. Wakwe zangu wanakaa Mlalo, wanalima kabichi, karoti na viazi. Miaka yote mzigo wao unabebwa na magari ya watu, na magari ya watu hubeba mzigo wa wenyewe kwanza. Wa kwao unabaki barabarani unasinyaa. Sasa wameamua kununua vani yao ya dizeli. Na mimi mkwe wao nina leseni, nina maneno, ila sina kazi. Baba mkwe akaniambia, "Utatuchagulia gari. Ukichagua vizuri, utaliendesha wewe." Nikamjibu, "Baba, mambo ya dizeli niachie mimi." Nilisema hivyo mbele ya Zaina, mke wangu, kifua mbele.

Asubuhi tukateremka Lushoto mjini, sisi watatu: mimi, baba mkwe na mama mkwe. Dalali anaitwa Musa, na alikuwa amepaki vani mbili karibu na soko. Gari jeupe ni lake mwenyewe. La bluu ni la mtu mwingine, yeye anamuuzia tu. Baridi ilikuwa ile ya kutoa moshi mdomoni. Kwenye jeupe nikageuza ufunguo, nikasubiri taa ndogo ya njano ya kupasha injini izime, likawaka mara moja, kwa adabu kabisa. La bluu tulilisukuma. Na lilipotoka pale likaacha dimbwi la oili.

Mtu mwenye akili angekuwa ameshachagua, akaenda zake kunywa chai. Mimi nikasema, "Hapana. Gari la milimani hupimwa mlimani. Tuyapandishe mlima wa Magamba." Mdomo huu jamani.

Tukaanza na jeupe. Mbele lina kiti kirefu cha watu watatu, nyuma ni sehemu ya mizigo tupu. Nikakaa kwenye usukani. Baba mkwe akasimama kwenye mlango wa kushoto.

"Karibu hapa kati, baba, uione vizuri mishale ya dashibodi," nikamwambia.

"Kona zinanichafua tumbo. Mimi nakaa dirishani. Au unataka nitapikie hiyo mishale?"

Basi akapanda mama mkwe, akakaa kati.

Kwa wasiojua mambo ya wakwe zangu: mimi na mama mkwe hatupeani mikono. Hatutazamani usoni. Akishaweka chakula mezani anaondoka, ndipo mimi nakaa. Akiwa na neno na mimi, humwambia baba mkwe, hata kama nimesimama palepale nasikia, na baba mkwe ndiye hunifikishia. Sasa mama huyo amekaa ubavuni mwangu. Na ni mrefu. Magoti yake yakaja mpaka kwenye gia.

Ya kwanza nilikuwa nimeshaiingiza wakati bado anapanda. Ya pili iko kushoto, nyuma kidogo, palepale penye goti. Na mkono wa kuibadilisha ni wa kushoto. Yaani mkono wa kushoto, kwenye goti la mama mkwe. Na baridi yote ile, nilitoka jasho.

Tukaondoka kwa ya kwanza, injini inalia. Ya pili nikairuka, nikatia ya tatu. Pale mjini kwenye tambarare hakuna aliyegundua. Kisha mlima ukaanza. Dereva yeyote anajua kwamba pale unarudi ya pili. Nikaliangalia goti. Goti halikusogea. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likaanza kutetemeka, milango ikagongana, moshi mweusi ukajaa barabara nzima. Mama mmoja mwenye tenga la peasi kichwani alitupita kwa miguu. Akatusalimia.

"Mwambie mkwe gari linaumwa," mama mkwe akasema.

"Mama anasema gari linaumwa," baba mkwe akanifikishia.

"Mwambie nami naona hivyo, baba."

Likazima.

Nikawaomba washuke ili nisikilize injini. (Injini imezima. Sijui nilikuwa nasikiliza nini.) Wakiwa chini nikaingiza gia ya kwanza kwa raha zangu, wakapanda, nikageuzia kwenye kiwanja kipana, tukarudi mjini kwa gia hiyohiyo moja. Mteremko wote injini ilipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani kutazama.

Zamu ya la bluu. Hili lina viti viwili mbele, kila kimoja peke yake, na benchi nyuma yake. Mama mkwe akakaa kwenye benchi. Ndugu zangu, nilibadilisha gia mpaka pasipohitajika. Usukani unavuta kulia, mlango wa mizigo umefungwa kamba, kitu kinagonga huko chini, mimi nafurahi tu. Tukafika Magamba, tukageuka, tukarudi.

"Tuchukue la bluu," nikatangaza.

"Mbona linamwaga oili?" baba mkwe akauliza.

"Hilo ni jasho, baba. Dizeli ikifanya kazi lazima itoe jasho kidogo."

"Na jeupe?"

"Jeupe halina nguvu. Injini imeshachoka."

Musa alikuwa anakula muhindi wa kuchoma. Akauweka chini. "Gari langu halina nguvu? Gari hili limenisomeshea watoto. Mzee, mama, pandeni." Akawakalisha mbele vilevile, baba dirishani, mama kati. Mimi akanifungia nyuma kwenye sehemu ya mizigo.

Gari lilipanda Magamba kama mbuzi. Nilikuwa nazisikia gia kwa masikio yangu: ya pili, ya tatu, ya pili tena. Kila akitaka kubadilisha, Musa anasema, "Samahani mama," na mama anasogeza goti pembeni. Basi, yamekwisha. Kumbe goti linasogea.

Tuliporudi watu walikuwa wameshatuzunguka, maana siku ya soko watu wanapenda kujua gari la nani limeshindwa. Musa akanifungulia mlango wa nyuma.

"Kijana, gari hili lina gia tano. Wewe umetumia ngapi?"

Baba mkwe akanisogelea. "Hebu niambie ukweli. Unajua kuendesha?"

"Najua, baba."

"Sasa mbona mlima wote unapanda na gia moja? Hiyo leseni uliipataje?"

Nikaona kazi inaniponyoka hivihivi. Nikikaa kimya, mimi ni tapeli asiyejua gia, na kesho anatafutwa dereva mwingine. Nikisema ukweli, nimelitaja goti la mama mkwe hadharani. Nikaamua kumnong'oneza baba mkwe. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mnadani:

"Gia ya pili iko kwenye goti la mama!"

Muuza karoti mmoja akacheka mpaka akakaa juu ya karoti zake. Wa mbali wakauliza amesemaje, wakaambiwa, kicheko kikaanza upya upande ule. Nilitamani ardhi ipasuke, na Lushoto ardhi hupasuka kila mvua ikinyesha isipokuwa unapoihitaji.

Mama mkwe akaanza kuongea Kishambaa, kwa kasi, bila kituo. Baba mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Mama anasema heshima yako nusura imtupe korongoni."

"Mwambie anisamehe sana, baba."

"Anasema jeupe ndilo tunalichukua."

"Sawa, baba."

"Na dereva ni wewe. Anasema mtu anayeogopa goti lake hawezi kuzigusa kabichi zake."

Nilitaka kulia. Nikashukuru, nikaomba shukrani zifikishwe.

Ila mama mkwe hakurudi tena kwenye kile kiti. Alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia ya mbegu za viazi waliyonunua sokoni, akaagiza mlango wa pembeni uachwe nusu wazi apate hewa. Nikamsihi kupitia kwa baba mkwe. Akakataa. Hivyo kutoka Lushoto mpaka Mlalo, mimi na baba mkwe tumejiachia mbele, kiti cha kati kiko wazi, na mama mkwe yuko nyuma na viazi, anasalimiana na kila mtu njiani. Pale Magamba nikapunguza mwendo, mzee mmoja akachungulia ndani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia. "Huyo uliyempakia na viazi ni nani?"

"Mama mkwe."

Akachungulia tena kule nyuma. "Marahaba," akasema, akaenda zake anatikisa kichwa.

Mlalo, Zaina alikuwa anatusubiri na majirani, wamekuja kulipokea gari. Mama yake akashuka nyuma, kitenge kimejaa udongo wa viazi. Zaina akamtazama mama yake. Akakitazama kiti kitupu cha mbele. Akanitazama mimi.

"Mama yangu ni mzigo?"

Basi, kazi nimepata, kesho naanza. Chakula cha leo ndicho ambacho mpaka sasa sijaitiwa. Mkitaka kucheka chekeeni hukohuko mlipo, msiandike chochote hapa, maana Zaina naye yumo kwenye hili kundi.