Kadi Kubwa, Prosesa Ndogo

Jumatatu, 15 Machi 1999

Nimeamua. Harudi nyuma mtu hapa!

Tangu kiwanda kifungwe na sisi makarani turudishwe nyumbani, nimejaribu mitumba. Nimejaribu kuku wa kisasa. Nimejaribu kuwauzia machungwa watu wa Muheza. Sasa ni kompyuta ya michezo.

Taizoon ana ukumbi Barabara ya Nane, televisheni tatu, gemu za mpira. Vijana wa mtaa wetu wa Makorora wanatembea mpaka kule kwenda kumtajirisha. Mimi nitawawekea hapa hapa mbio za magari. Magari yanayong'aa mpaka unaona mawingu juu ya boneti!

Mke wangu, Semeni, amenipa chumba cha mbele anachoshonea. Amehamishia cherehani uani, chini ya bati. Kasema Idi ya Kuchinja ikipita bila watu kupanga foleni mlangoni, chumba kinarudi kwake, na mimi naenda Maramba kwa kaka yake kulisha ng'ombe. Nimesema sawa, kwa sauti ya mtu asiyeogopa ng'ombe.

Jioni nimepita kwa Taizoon kumpa taarifa kiungwana. Hakukasirika, jambo lililonikera. Akasema mashine yangu ikiendesha magari bila kukwama, siku ya Idi atafunga ukumbi wake na kuja kucheza kwangu kama mteja. Ikikwama, nitakaa mlangoni kwake Idi nzima nikikata tiketi. Baraza zima lilisikia. Nikampa mkono.

Jumatano, 17 Machi

Mimi na Semeni tumekwenda kwa Mwalimu Praxeda. Anafundisha kompyuta katika chuo cha taipu, na jioni anaunganisha mashine za watu. Sanduku na skrini ninavyo tayari, vimetoka ofisi ya mkonge iliyofungwa. Ndani mna prosesa yake ya zamani, imejificha chini ya feni.

Mwalimu akaeleza. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu gari liko wapi. Kadi ya picha ndiyo inayolichora. Mmoja akiwa hodari na mwingine goigoi, hodari atakaa anamsubiri goigoi. Semeni akadakia kwamba ni kama mkata kitambaa na mshonaji. Hakuna aliyemuuliza.

Uwezo wangu unatosha kitu kimoja kikubwa, au viwili vya wastani. Mwalimu kasema wastani.

Wastani! Neno la ripoti ya shule. Nimekuwa wa wastani tangu darasa la kwanza, na angalia nilipo.

Dukani nimechukua kadi kubwa. Ina feni yake yenyewe! Boksi lake lina picha ya simba mwenye mabawa. Prosesa itabaki ile ile ya zamani. Imeandika barua za ofisi miaka yote, na barua nazo ni kazi nzito.

Ijumaa, 19 Machi

Baada ya swala ya Ijumaa vijana wakajaa chumbani. Nikawasha. Gari likatokea. Jekundu! Mawingu juu ya boneti, kama nilivyoahidi. Watu wakasema mashallah.

Kisha mbio zikaanza.

Gari halikwenda. Lilisogea kidogo, likatafakari, likasogea tena. Uweso, fundi baiskeli, bingwa wa gemu wa mtaa huu, alikata kona. Gari likaikata wakati yeye ameshakwenda dirishani kuongea na mtu. Akarudi, akaniuliza kwa adabu kama hii ni kompyuta au kalenda.

Hawakucheka sana. Walicheka mpaka nje tu.

Mwalimu Praxeda kaja kutazama. Mchoraji anamsubiri mwenye hesabu, kasema. Nikamuuliza kwani mchoraji hawezi kujifunza hesabu. Akaomba maji ya kunywa.

Jioni sokoni mtu nisiyemjua kaniita Bwana Kalenda.

Jumapili, 21 Machi

Somo nimelielewa. Prosesa ndiyo kila kitu!

Nimerudi dukani, nikawapa kadi ya simba, wakanipa prosesa kubwa kuliko zote walizonazo. Mwenye duka kaapa Tanga nzima haipo nyingine. Wakaniongezea na kadi ndogo, iliyokuwa imelala kwenye droo pamoja na misumari.

Mwalimu kaniuliza kama nalikumbuka lile neno wastani. Nikamwambia mimi si mwanafunzi wake.

Jumatatu, 22 Machi

Kasi! Hakuna kalenda tena. Gari linaruka kama limechomwa sindano.

Tatizo, halijulikani kama ni gari. Kipande chekundu kinakimbiza kipande cha kijivu. Mti ni kipande. Mtazamaji wa mbio ni kipande. Uweso alimaliza mzunguko mzima, akashinda, na bado akawa anauliza gari lake ni lipi. Mwenzake akatoka nje kutapika.

Binti yetu Mwanaima kachungulia, kasema ni vipande vya sabuni vinafukuzana. Hilo nalo limeshafika barazani kwa Taizoon. Kanitumia salamu: kiti cha mkata tiketi kipo, ameshakitilia mto.

Sivunjiki moyo. Nimefikiria kuwaambia watu wakae mbali kidogo wafumbe jicho moja.

Jumatano, 24 Machi

Mvua. Masika yamefunguka yote kwa siku moja.

Bati la uani linavuja. Semeni alikuwa amebakiza pindo tu kwenye gauni la Idi la mteja wake, Bi Sukaina. Maji ya kutu yakashuka katikati ya kifua cha gauni. Hariri nyeupe.

Nilijiandaa kwa kelele. Hazikuja. Alilikunja gauni polepole, akaliweka magotini, akasema, "Baba Mwanaima, mimi nashona mvuani ili wewe utazame sabuni."

Nilitazama miguu yake, ilikuwa ndani ya maji. Nikamwambia basi, naenda kwa Taizoon kukubali kwamba nimeshindwa, na cherehani irudi ndani sasa hivi.

Cherehani tumeirudisha. Lakini kwenda kwa Taizoon, Semeni kanizuia. "Nani kakwambia uache? Umetuaibisha nusu, sasa tumalize." Akachukua mwavuli, akaenda kwa Mwalimu Praxeda.

Nimekaa chumbani na cherehani na kompyuta. Zote mbili zinanitazama.

Alhamisi, 25 Machi

Wamekuja wawili, Semeni na Mwalimu. Wakataka ruhusa ya kubadilisha prosesa kubwa kwa prosesa ya wastani na kadi ya wastani. Nilikubali kwa kichwa, si kwa moyo. Nikaanza kueleza kasoro za mpango wao. Semeni akasema nyumbani hakuna kitoweo, na samaki wazuri wanawahiwa.

Nilikwenda. Nilichagua samaki aina ya changu, mmoja mmoja, kwa hasira.

Niliporudi, gari lilikuwa linakwenda. Linakata kona, linapita daraja, halikwami. Mawingu yapo juu ya boneti. Si mengi, lakini yapo! Aliyekuwa anaendesha ni Semeni. Alikuwa anamshinda Mwalimu Praxeda na huku anamwambia apishe njia.

Nilikaa uani nikapara samaki.

Usiku Semeni kakata kile kifua cha gauni, katia kitambaa cha kufuma. Limekuwa zuri kuliko mwanzo. Nilimshikia taa.

Jumapili, 28 Machi. Idi!

Foleni! Imeanzia mlangoni, ikapita kwa muuza juisi ya miwa, ikakunja kona!

Uweso kacheza, kapoteza, karudi nyuma ya foleni mwenyewe bila kusukumwa. Hakuna aliyetaja kalenda.

Alasiri akaja Taizoon, kofia yake ya uzi wa dhahabu kichwani, shemeji yake Bi Sukaina ndani ya gauni lake. Ukumbi kaufunga, kama alivyoahidi. Akapanga foleni, akakataa kupishwa. Zamu yake ilipofika akataka ashindane na mimi mwenyewe.

Niligonga ukuta. Nikageuza. Nikaugonga tena. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasimama, akanipa mkono mbele ya watu wote. "Bwana Massoud, umenishinda. Mashine haikukwama." Akauliza nani kaipanga, maana na yeye anataka moja.

Semeni alikuwa amesimama mlangoni, kavaa leso mpya. Mwalimu Praxeda alikuwa pembeni yake na sahani ya biriani.

Nikasema, "Mimi."

Mwalimu akaacha kutafuna. Semeni akamwongezea nyama.

Tumekubaliana baadaye: asubuhi chumba ni cha cherehani, jioni ni cha magari. Ng'ombe watalishwa na mwingine.

Jumatano, 31 Machi

Nimekaa nikafikiri kama mfanyabiashara. Ikiwa vitu vya wastani vimeleta foleni mpaka kwa muuza miwa, kikubwa kitaifikisha wapi? Mpaka Barabara ya Nane!

Na mteja anatazama nini? Skrini. Sijaona mtu aliyelipa kutazama ndani ya sanduku.

Benki moja mjini wanauza vyombo vyao vya zamani. Nimepata skrini, jamani! Kubwa kama kabati la vyombo. Nimeileta kwa mkokoteni na watu watatu, na mlangoni imekataa kupita. Nimeshamwita mwashi. Ukuta ukitobolewa kidogo upande wa kulia, itaingia.

Semeni katoka, sindano mdomoni, kaizunguka mara mbili. Kauliza nimetoa nini ili nipewe kitu kikubwa namna hii.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kitu kidogo tu cha kupigia hesabu, kinaenea kiganjani. Hata ukifungua sanduku hukioni, kilikuwa kimekaa chini ya feni.