Kadi ya Bi Altagracia

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemfuma Bibi jikoni akikata vidonge vyake vya moyo kwa kisu cha vitunguu. Nusu leo, nusu kesho. Anasema moyo wenyewe umezeeka, hautagundua. Daktari alisema kizima, kila siku! Lakini bei imefika dola themanini na nne, na Bibi hapokei msaada wa mtu. Hata wa Mungu anaupokea kwa masharti.

Nina mpango. Kwenye sanduku la barua, kati ya matangazo ya nyama na matairi, kulikuwa na kadi ya punguzo la dawa. Ya bure! Muuza dawa anaingiza namba zake kwenye kompyuta, bei inaporomoka. Ila lazima uisajili kwa jina. La Bibi? Angenichuna ngozi. Langu? Naona haya hata kuliandika kwenye mtihani. Nikabuni: Bi Altagracia Mondragón, miaka themanini na minne, anwani yetu. Umri nimeutoa kwenye bei. Mimi ni hatari.

Jumatano, 8 Oktoba

Duka la dawa la Bwana Quiroga ndilo pekee hapa mjini. La pili liko Las Cruces, mwendo wa saa nzima, na Bibi haendeshi gari tena. Tatizo: ndani ya duka kuna watu, na watu huongea. Nikapitia dirisha la magari, la kuhudumiwa bila kushuka garini, na baiskeli yangu, nyuma ya lori la pilipili. Bwana Quiroga akauliza kwa kipaza sauti kama hicho chombo kina leseni. Lori zima likacheka. Nikasukuma kadi kwenye droo bila neno. Nimesoma kwa lugha mbili na ninaona haya kwa zote mbili.

Akaisoma kadi, akauliza: Altagracia ndiye nani? Nikanong'ona kuwa ni binamu wa Bibi. Akasema ajabu, maana yeye anamjua kila mtu wa bonde hili, aliye hai na aliyezikwa.

Dola kumi na tisa! Ushindi!

Jumanne, 14 Oktoba

Barua. Si yangu, si ya Bibi. "Mpendwa Altagracia, tunauwaza moyo wako." Bibi akavaa miwani, akasoma mara mbili, akafanya ishara ya msalaba. Kwa maoni yake huyu ni marehemu aliyewahi kuishi humu, na anaomba sala. Amemwashia mshumaa juu ya friji.

Nilitaka kusema ukweli. Nikala mkate.

Ijumaa, 17 Oktoba

Simu ya nyumbani inalia kila siku saa kumi kamili. Sauti ya mwanamke, laini mno, kama ya mtu anayeongea na mgonjwa asiyeambiwa ukweli. Inamwulizia Altagracia. Leo nikababaika, nikasema ametoka. Halafu ikasema itasubiri.

Ni mashine! Mashine inasubiri wapi?

Bibi sasa anampakulia marehemu wake maharage. Amempa kiti changu. Anasema Altagracia hana makelele, hajibu watu kwa jeuri, na haachi vyombo kwenye sinki. Mimi nakula nimesimama. Nimepitwa na mtu niliyemtunga mwenyewe!

Alhamisi, 23 Oktoba

Barua nne. Magoti ya Altagracia yameanza kumsumbua. Macho nayo. Sukari inamnyemelea. Ya nne inamwuliza kwa upole kama ameshalipia mazishi yake. Sikumwambia mtu lolote kuhusu magoti!

Jioni nilikuta kiti changu kimesogezwa mbali na meza, kama wafanyavyo watu wasioweza kukunja miguu. Bibi anaapa hakukigusa. Sahani ilikuwa tupu. Tuna paka, lakini paka hali maharage.

Jumatatu, 27 Oktoba

Balaa! Bwana Quiroga amebandika tangazo mlangoni: huenda akafunga duka. Bibi akanikokota hadi ndani. NDANI. Nikajificha nyuma ya rafu ya dawa za kikohozi, nikasikia yote.

Bwana Quiroga anasema kila kadi ikipita, kampuni ya kadi inachukua fungu kutoka kwake. Kinachobaki ni chini ya bei aliyonunulia dawa. Akamwambia Bibi kuna mteja hapa hajawahi kumwona: haingii, hakohoi, hasalimii, lakini kila kichupa akikifungua, mkono wa yule umeshapita. Bibi akashika rozari. Mimi nikashika rafu.

Bibi akaniita nitoke huko, kisha akauliza nani atakayemletea vidonge kutoka Las Cruces, mimi na hiyo baiskeli? Bwana Quiroga akasema bila kadi angemwuzia kwa dola ishirini na moja tangu mwanzo. Themanini na nne ni bei ya kompyuta, yeye humshushia yeyote anayeuliza. "Ungeuliza tu, binti."

Kuuliza! Kwa mdomo!

Ana daftari. Wanaokubali kuacha kadi wanatia sahihi. Nikainama kutia yangu. Mstari wa tatu, mwandiko wa kutetemeka: Altagracia Mondragón.

Nikamtazama Bibi. Bibi akasema tumeingia pamoja, nisimtazame hivyo. Bwana Quiroga akasema binamu yetu alipita asubuhi, dirisha la magari, kwa miguu. Mama mstaarabu. Kaulizia bei mwenyewe. Ila magoti, maskini!

Hata yeye ameuliza.

Alhamisi, 6 Novemba

Mambo shwari. Bibi anameza kidonge kizima. Sahihi zimefika mia na zaidi, duka halifungwi. Wiki iliyopita niliwaandikia wenye kadi kwamba Altagracia amefariki. Simu ikakoma. Nimerudishiwa kiti, kina ubaridi kidogo.

Leo imefika barua ya rambirambi. Ndani, kadi mpya. Ina jina langu. Jina langu sikuwahi kuwapa.

Nimeificha chini ya godoro kama nusu saa. Kisha nikaitoa, nikaangalia bei kwenye barua: kwa kadi hii, dola kumi na saba. Dola nne ni dola nne! Na dirishani hakuna haja ya kuongea. Ni kweli nilitia sahihi. Lakini niliyetia ni mimi. Bwana Crescencio Mondragón, kaka wa marehemu niliyembuni sasa hivi, hakutia sahihi popote. Magoti mazima.

Simu imelia sasa hivi. Si saa kumi. Sauti ile ile. Inamtaka Crescencio.

Fomu ya kusajili kadi kwa jina lake sijaijaza bado. Jina nimeliandika humu tu, mistari michache hapo juu, wino haujakauka.

Nimesema ametoka.

Mwaka wa kuzaliwa nitaweka 1938. Mzee wanamheshimu zaidi.