Salamu Kabla ya Shoka

Sukari, kinyozi wa pale kona, aliiona bahati yake siku karani mstaafu wa mahakama aliposoma kanuni za mchezo wake kwa sauti ya hukumu.

Mchezo wenyewe ulichezwa kila Jumamosi mchana katika chumba cha mama mmoja fundi cherehani, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kila mchezaji alikuwa na shujaa wake kwenye karatasi, na kitu alichokiweka dau. Karani alisimulia mapango na majoka, dadu likaamua nani afe. Kanuni ya kwanza: shujaa aliyeghafilika, yaani asiyetarajia kushambuliwa, husimama kama mlingoti huku adui yake akirusha dadu mara tatu. Kanuni ya pili: lisemwalo mezani limesemwa na shujaa, na karani ataliandika.

Wengine walipiga miayo. Sukari alitabasamu.

Jumamosi iliyofuata alimgeukia fundi viatu, ambaye shujaa wake alikuwa na ngao mbili na hasira za kuzaliwa nazo.

"Habari za leo, kaka?"

"Nzuri tu."

"Hakuna neno?"

"Hakuna neno, ndugu yangu."

"Namkata shoka!"

"Pingamizi!" Fundi viatu aliruka. "Hiyo ilikuwa salamu!"

Karani alishusha miwani. "Shujaa wako amekiri mwenyewe kwamba hakuna neno. Ameghafilika."

Basi shujaa akazikwa na ngao zake zote mbili, na mwavuli ambao fundi viatu aliuweka dau ukahamia kwa kinyozi. Wiki ya pili muuza mayai aliapa kunyamaza. Lakini wewe msomaji, umewahi kuulizwa hali ukanyamaza? Aliyelelewa vizuri hawezi. Alijibu "salama" kabla hajakumbuka kiapo chake, na kigoda chake kikaenda.

Sasa Sukari alikitaka chumba chenyewe. Alikuwa ananyoa chini ya bati linalovuja, akiota dirisha linalotazama barabara. Tatizo ni kwamba mwenye chumba, huyo mama fundi, alikuwa mama mzazi wa mke wake. Kucheza kamari na mkwe ni jambo ambalo wahenga hawakulikataza, nadhani kwa sababu halikuwapitia akilini.

"Mama, nikishinda nahamia hapa, wewe na cherehani mnakwenda uani. Nikishindwa, chukua kiti changu cha kuzunguka."

Kiti kama hicho kilikuwa kimoja tu mtaa mzima. Mama fundi alikuwa ameshona miaka ishirini juu ya benchi lisilo na mgongo, na kiuno chake kilikuwa kinamlilia kila jioni. Alikitaka kile kiti kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kaa."

Watu wakajaa. Karani akawaweka mashujaa wawili juu ya daraja jembamba. Sukari, ambaye "habari" yake ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, akafungua mdomo, ndipo jasho likamtoka. Mkwe haamkiwi kwa "habari"! Tena mbele ya mashahidi wote wale! Akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Karani aliitazama kalamu yake. Marahaba haikukiri chochote. Sukari akavuta pumzi aongeze la pili, lakini mama fundi hakumpa nafasi.

"Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Wajukuu wangu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Nyumbani kwema? Huna wasiwasi wowote?"

"Kwema kabisa, mama. Sina wasi..."

Kalamu ilikuwa inakimbia. Sukari alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Namsukuma mtoni," alisema mama fundi, akarusha dadu mara tatu, taratibu, kama anayempima mteja mabega.

"Pingamizi!" Sukari alilia. "Hiyo ilikuwa salamu!"

"Mkuki kwa nguruwe!" alidakia fundi viatu, akacheka mpaka akaletewa maji.

Leo mama fundi anashona huku akizunguka, dirisha lake mbele yake, kiuno kimenyamaza. Kinyozi bado yuko chini ya bati lake. Wateja hukaa kwenye kigoda cha muuza mayai na kujishikia wenyewe mwavuli wa fundi viatu. Si wengi. Mteja mpya akishafungwa shuka shingoni, kwa adabu tu humuuliza habari za asubuhi. Sukari huangalia kushoto, huangalia kulia, huinua wembe.

"Niko macho," hujibu. "Nimeshika shoka."

Na mteja hukimbia na ndevu zake zote.