Nyangumi wa Kituo cha Krimu

Jumatatu, 5 Mei 1958. Molo. Ukungu hadi saa nne.

Karani Mkuu wa kituo chetu cha krimu anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi moja, watu wawili: mimi na Obura. Mimi hupima mafuta katika maziwa ya wafugaji, nao hulipwa kwa kipimo hicho. Obura huandika madebe yanayopakiwa kwenye lori. Nafasi hiyo ina nyumba ya mabati, vyumba viwili. Mimi nalala ghalani, nyuma ya mashine. Mzee Kosgei ameshasema hataniozesha binti yake Jerop aje kulala na mashine. Kwa hiyo nyumba si jambo dogo.

Nimegundua udhaifu wa Meneja. Babu yake aliwinda nyangumi. Ofisini ametundika picha ya meli na mkuki wa chuma. Nimeazima kwake vitabu vitatu vya mambo hayo. Alifurahi, akanipa kiti. Obura hajawahi kupewa kiti.

Jumanne, 6 Mei. Baridi.

Kitabu cha kwanza ni historia. Watu walikaa baharini miaka mitatu, wakichemsha mafuta ya nyangumi juu ya sitaha ili taa za miji ziwake. Vingine viwili ni hadithi. Katika zote mbili meli inazama. Nimeandika pembeni: uongozi mbaya.

Obura alinikuta nikisoma. Yeye alipakia makaa miaka miwili kwenye meli ya ziwani, Kisumu. Akauliza kama nimewahi kupanda hata mtumbwi. Nikamjibu kwamba elimu haihitaji mtumbwi. Akasema basi siku meli ikizama nitakalia kitabu.

Mpango: hotuba Jumamosi, ukumbi wa jamii. Kichwa: Uwindaji wa Nyangumi Zamani na Sasa. Meneja amekubali kuhudhuria kabla sijamaliza sentensi.

Alhamisi, 8 Mei. Mvua.

Tatizo. Wasikilizaji wangu ni wafugaji. Samaki hapa haliwi. Wazee humweka fungu moja na nyoka. Nikisema nyangumi ni samaki mkubwa, watatoka wote.

Suluhisho limo ukurasa wa 41. Nyangumi si samaki. Anazaa na kunyonyesha. Basi nitamtambulisha kama ng'ombe wa baharini.

Nilimjaribishia Jerop alipoleta maziwa. Akauliza ni nani anayemchunga. Swali zuri. Akasema afadhali nizungumzie viazi. Jerop haelewi siasa za ofisi.

Nimeshona magunia manne ya viazi na kumchora nyangumi kwa mkaa. Mkia haukutosha. Nitaueleza kwa mdomo.

Jumamosi, 10 Mei. Jua.

Ukumbi ulijaa. Meneja alikaa mbele. Nilianza vizuri: mlinzi juu ya mlingoti, mashua zikishushwa, mkuki wenye kamba, mnyama akiburuta watu sita mchana kutwa. Wazee waliguna kwa heshima.

Ndipo Mama Cheptanui, ambaye kila siku huleta galoni mbili za maziwa na malalamiko matatu, akauliza ng'ombe huyo anatoa galoni ngapi. Nikasema aliye mkubwa kuliko wote hukadiriwa kutoa arobaini kwa siku.

Mzee Kosgei akasimama. Ana ng'ombe kumi na mmoja. Hakuna anayeleta maziwa mengi kumshinda. Akauliza kwa upole, na mafuta je?

Hapo tulikuwa tumeingia katika kazi yangu. Nikajibu kwa usahihi: sehemu thelathini na tano kwa mia. Ili umati uelewe nikatoa mfano: maziwa ya Mzee Kosgei mwenyewe, wiki iliyopita, yalikuwa tatu na nusu.

Meneja alipiga makofi. Peke yake.

Jumatatu, 12 Mei. Ukungu.

Lori limeondoka na madebe matano badala ya arobaini.

Nimeuliza, nimeambiwa. Jana baada ya ibada Mzee Kosgei aliwaeleza watu kwamba sasa sababu imejulikana kwa nini maziwa yao hupimwa kuwa mepesi: karani anayalinganisha na ya ng'ombe wa baharini. Mama Cheptanui akaongeza kwamba maziwa hayo ya baharini tayari yanakuja kwa reli kutoka Mombasa, na ndiyo sababu Meneja alipiga makofi.

Nilipanda hadi kwa Mzee Kosgei kueleza. Nilibeba kitabu, nikamwonyesha ukurasa. Kosa la mbinu. Alikuwa bado ana shaka. Alipoona jambo hilo limeandikwa, akaamini.

Akaniuliza, "Kijana, huyo ng'ombe wako atalala wapi? Ghalani na wewe?" Jerop alicheka. Naandika kama ilivyokuwa.

Jumatano, 14 Mei. Mvua nyepesi.

Madebe matatu. Meneja aliniita, hakunipa kiti. Akasema maziwa yasiporudi kufikia Ijumaa, wakubwa wa Nakuru watataka kujua sababu, naye atawatajia jina langu.

Nilijitolea kutoa hotuba ya pili. Akakataa.

Obura akaomba ruhusa ya kuongea na wafugaji. Alikaa nao penye uzio, juu ya debe lililopinduliwa, bila kitabu. Akamwuliza Mama Cheptanui huanza vipi kukamua. Mama akasema humfunga ng'ombe miguu ya nyuma, mtoto gani hajui hilo. Obura akasema nyangumi hana miguu ya nyuma.

Watu wakafikiri. Mzee Kosgei akasema, basi hakamuliki. Obura akakubali: hakamuliki, na ndama wake hunyonya chini ya maji, kwa hiyo hata pa kuweka ndoo hakuna. Mama Cheptanui akasema aliona tangu Jumamosi kwamba yule karani hajawahi kukamua.

Hoja ya miguu haimo katika kitabu chochote kati ya vitatu. Nimekagua.

Ijumaa, 16 Mei. Jua.

Madebe thelathini na tisa. Obura ametangazwa kuwa Karani Mkuu. Nyumba atapewa yeye.

Mimi nitaosha madebe miezi mitatu. Meneja alitaka nifukuzwe leo, Obura alinitetea. Sharti ni moja. Nikitamka neno nyangumi mbele ya mleta maziwa yeyote, nafunga virago. Nimetia sahihi. Ni haki.

Saa tano Mzee Kosgei alinifuata penye bomba. Kwa sauti ya chini akasema Jerop amemsihi asinikatie tamaa kabisa, naye amekubali kungoja hiyo miezi mitatu aone kama nitatulia. Nilishukuru sana. Nikamwahidi kwamba nimetulia.

Alipogeuka kwenda akasita. Akauliza, wanyama wale huwa na pembe?

Nikakumbuka ukurasa wa 203. Nikamwambia yupo mmoja, wa kwenye barafu, mwenye pembe moja tu, ndefu kuliko mlango wa ghala. Akataka kuona urefu. Nikapanda juu ya debe. Mama Cheptanui akasogea, akawaita wengine. Walipofika kumi hivi nikaanza tangu mwanzo, ili wote waelewe.

Neno lililokatazwa sikulitamka hata mara moja. Nilisema ng'ombe. Obura ananiita ofisini, na Meneja yuko naye. Nadhani wanataka kusikia sehemu ya pembe.